Mita 430 za waya: SLIP, CSLIP na PPP kwenye laini ya pampu

6 Julai 2024: waya upo, mazungumzo bado

Kisima cha mjomba kiko bondeni, nyumba iko juu kilimani, na katikati kuna miembe na michungwa isiyopitisha Wi-Fi hata ukiiombea dua. Shamba liko Muheza. Mwenye shamba wa kwanza alifukia kebo ya simu za ndani kutoka nyumbani hadi kibanda cha pampu: mita 430, jozi tatu za nyaya za shaba. Simu zenyewe zimebaki makasha ya mchwa. Niliifunga ncha ya jozi ya kwanza kule chini, nikapima huku juu kwa multimita: ohm 76. Kwa waya wa nusu milimita hiyo ndiyo hesabu yake, kwa hiyo shaba ni nzima. (Shikilia hapo: nilipima jozi ya *kwanza*. Tutarudi.)

Ninachotaka ni Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo ya bodi moja) kibandani, isome kina cha tenki na iwashe na kuzima pampu, mjomba asishuke bondeni saa tano usiku na tochi. Kebo ya Ethernet mwisho wake mita 100. Mtandao wa simu bondeni unashika ukiwa umepanda juu ya tenki, na hata ungeshika, bando la kila mwezi kwa ajili ya pampu ni anasa. Seriali (data inayopita biti moja moja kwenye waya) ya aina ya RS-422 inafika mita 1,200 kwa kasi ya chini. Basi seriali.

Ningeweza kutuma maandishi matupu, "TENKI 73", hadithi ikaisha. Lakini nataka kuingia kwenye Pi kwa ssh (njia ya kuiamuru kompyuta ya mbali), kuirekebishia saa (haina saa ya betri) na kuisasisha nikiwa barazani. Hiyo maana yake ni kupitisha pakiti za IP (vifurushi vya data vya intaneti) kwenye waya wa seriali, na itifaki zinazogombea kazi hiyo ni tatu.

SLIP ni ya Rick Adams, 1984, kwenye mfumo wa 4.2BSD, ikaandikwa katika RFC 1055 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ya Juni 1988, ambayo kichwa chake chenyewe kinakiri kuwa hiki si kiwango. Ukiijua dakika tano umeimaliza: tuma pakiti, kisha baiti 192 kuonyesha mwisho. 192 ikitokea ndani ya pakiti, itume kama 219 na 220. 219 ikitokea, itume kama 219 na 221. Basi. Haina uhakiki wa makosa, haina anwani, haisemi imebeba nini. Usiidharau kwa uzee wake: esptool, ile tunayopakilia programu kwenye ESP32, mpaka leo inafunga ujumbe wake kwa SLIP.

CSLIP ni SLIP ile ile pamoja na ujanja wa Van Jacobson, RFC 1144 ya Februari 1990. Kichwa cha TCP/IP, yaani maelezo yanayotangulia data kwenye pakiti, kina baiti 40 na sehemu kubwa yake inajirudia pakiti hadi pakiti, kwa hiyo hutumwa kilichobadilika tu, na 40 hushuka hadi 3, 4 au 5.

PPP ni RFC 1661 na 1662 za Julai 1994. Hii ina adabu zake: pande mbili husalimiana kwanza, hukubaliana masharti, hupeana anwani, na kila fremu hubeba hesabu ya uhakiki ya biti 16. Waliopiga intaneti kwa modemu miaka ya 90 waliitumia bila kuijua jina.

Leo, kabla sijagusa waya, dau langu liko kwa SLIP. Waya ni wangu, ncha ni mbili, salamu za nini?

13 Julai: hasara ya kwanza, Sh 30,000

Nilinunua vigeuzi viwili vya USB kwenda RS-485 vya waya mbili, Sh 15,000 kimoja, vinavyojigeuza vyenyewe kati ya kutuma na kupokea. Bei ilinipendeza. Nikafunga kwenye jozi ya kwanza, kasi ya biti 115200 kwa sekunde, SLIP pande zote, na ping (ile ya kuuliza mashine ya pili "upo?") ikaanza kujibu mara moja. Pakiti 200, iliyopotea hakuna. Nikamwita mjomba aje aone.

Nikajaribu ssh mbele yake. Ikaomba nenosiri, ikaonyesha nusu ya mstari, ikaganda. Kunakili faili: kilobaiti chache, kimya.

RS-485 ya waya mbili ni kama redio ya upepo. Mmoja akiongea, mwingine asikilize. Ping ina heshima hiyo kwa asili yake: swali, kisha jibu, halafu kimya cha sekunde nzima. TCP, inayobeba ssh na mafaili, haina. Upande mmoja unamwaga data huku mwingine unarudisha uthibitisho, wote kwenye waya huo huo, na vyote vinakuwa uji. SLIP haijui zamu, na PPP nayo imeandikwa kwa laini inayosema na kusikia kwa wakati mmoja. Hakuna hata moja itakayokuokoa hapa.

Kwa anayenakili mradi huu: kama una jozi mbili, nunua RS-422 tangu mwanzo. Na usimwite mjomba kwa sababu ya ping.

20 Julai: upande mmoja unajisikia wenyewe

Vifaa vipya kutoka Kariakoo. Nyumbani, kigeuzi cha USB kwenda RS-422. Kibandani, bodi yenye chipu ya MAX3490 kwenye pini za GPIO 14 na 15. Muuzaji alitaka kunipa MAX490 akisema ni kitu kimoja. Si kimoja: ile ni ya volti 5 na pini za Pi zinavumilia 3.3 tu. Kwenye Pi niliweka enable_uart=1, nikaondoa console=serial0 kwenye cmdline.txt ili mfumo usitupe maneno yake ya kuingilia katikati ya pakiti. Jozi ya kwanza inatoka nyumbani kwenda kibandani, ya pili inarudi.

SLIP juu, ping: hakuna jibu. Nikatazama hesabu. Nyumbani sl0 (kiolesura cha SLIP) inatuma, na inapokea. Kibandani sl0 inapokea, na inatuma. Kila upande kuna uhai, ila jibu halifiki. Nikabadili A na B (watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi), nikarudisha. Nikabadili anwani. Nikalaumu ukuta wa moto wa Debian, nikauzima. Saa nne zikaenda hivyo, na chai ikapoa mara mbili.

Kwa kukata tamaa nikasema ngoja nione PPP itasemaje. Ikajaribu mara kumi, kisha ikaandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu:

Serial line is looped back.

Yaani nyumbani ninasikia sauti yangu mwenyewe. PPP inaposalimia huweka namba ya bahati nasibu kwenye salamu. Ikiona namba yake inarudi kila mara, inajua inaongea na kioo. Nikarudi kwenye hesabu za SLIP nikiwa na macho mapya: zilizotumwa na zilizopokelewa nyumbani zilikuwa *sawasawa*, hata moja haikuzidi. Kerneli (kiini cha Linux) ilikuwa inazipokea na kuzitupa kimyakimya, kwa sababu pakiti kutoka nje haiwezi kudai imetoka kwa anwani yako mwenyewe.

Mjomba ndiye aliyekumbuka kwamba chini ya mwembe wa katikati kuna kisanduku cha maunganisho. Tukafukua. Fundi wa enzi hizo alikuwa ameziunganisha jozi ya kwanza na ya pili upande wa nyumbani, nadhani simu mbili zilie pamoja, na jozi ya pili inayoendelea bondeni aliiacha inaning'inia. Kwa hiyo Pi ilikuwa inanisikia vizuri na inajibu vizuri, ila jibu lake linaishia kisandukuni, na huku juu ninapokea mwangwi wangu. Nilipima jozi moja nikaziamini tatu.

21 Julai: ping inapita, ssh haipiti

Kisanduku kimefungwa upya, konekta mpya. Ping inajibu, lakini kati ya ms 17 na 32, inarukaruka. Pakiti ya baiti 84 kwa 115200 inachukua kama ms 7.5 kwenda na 7.5 kurudi, kwa hiyo 15 ndiyo sakafu. Kinachozidi ni kigeuzi: chipu yake ya FTDI husubiri hadi ms 16 kabla ya kukabidhi baiti chache. Andika 1 kwenye /sys/bus/usb-serial/devices/ttyUSB0/latency_timer na inatulia kwenye 16 au 17.

Kisha ssh. Imeganda tena, lakini kuganda kwa aina nyingine: haifiki hata kuomba nenosiri. Nikaendesha ss, inayoonyesha hali ya miunganisho, pande zote. Nyumbani inasema muunganisho umesimama, ESTAB. Kibandani inasema SYN-RECV, yaani bado inangoja neno la mwisho la salamu. Mmoja anaamini ameshaoa, mwenzake bado anasubiri jibu la posa.

Hili nalieleza polepole kwa sababu litamkuta kila mtu. Kibandani niliandika amri ya kuwasha SLIP

slattach -L -p slip -s 115200 /dev/serial0

na nyumbani, kwa uvivu, niliacha "-p slip". Chaguo-msingi la slattach ni cslip. Kwa hiyo nyumbani inakandamiza, kibandani haijui ukandamizaji. Ping ni ICMP, haikandamizwi, inapita. Pakiti za SYN za kufungua TCP nazo hazikandamizwi, zinapita. Ya tatu ndiyo ya kwanza kubadilishwa alama: biti nne za mwanzo, mahali ambapo IP huandika toleo lake, 4, CSLIP huweka 7. Kibandani inaona "IP toleo la 7", inatupa. Dalili pekee ni IpInHdrErrors kwenye nstat inayopanda taratibu. Kwenye sl0 hakuna kosa hata moja lililoandikwa.

Sekunde kumi kurekebisha, saa mbili kugundua. SLIP haina salamu, kwa hiyo hakuna mahali ambapo pande mbili zingeweza kuambiana "hatujaelewana". Jana kioo, leo lugha mbili, na siku zote mbili kiolesura kilisema mambo ni shwari. Dau langu la tarehe 6 limeanza kulegea.

27 Julai: ukandamizaji usiokandamiza

Leo cslip pande zote, kwa makusudi. Kipimo ni faili la mebibaiti 1 la data ya bahati nasibu (/dev/urandom), likitumwa kwa nc, kutoka nyumbani kwenda kibandani. Kwa 115200 kila baiti hula biti 10 kwenye waya, kwa hiyo mwisho wa mwisho ni baiti 11,520 kwa sekunde, na faili haliwezi kupita chini ya sekunde 91.

SLIP tupu, pakiti za baiti 296 (ndicho kipimo ambacho kerneli ya Linux huipa SLIP usipoiambia kitu): sekunde 112. CSLIP: 109.

Sekunde tatu tu? Kichwa cha 40 kikishuka hadi 3 kwenye pakiti ya 296 nilitarajia karibu 94. Safu ya mwisho ya /proc/net/dev, inayohesabu zilizokandamizwa, ilionyesha pakiti chache mno.

Ujanja wa 1990 haukujua mihuri ya muda. TCP ya leo huongeza baiti 12 za muhuri wa saa kwenye kichwa, na saa hiyo husonga kila milisekunde. Kanuni ya Van Jacobson ni kwamba sehemu ya nyongeza ikibadilika, tuma kichwa kizima. Inabadilika karibu kila pakiti. Kwa hiyo kichwa ni baiti 52, na karibu kila mara kinatumwa chote, huku mashine ikidhani inakandamiza.

sysctl -w net.ipv4.tcp_timestamps=0

Upande mmoja ukikataa inatosha, maana muhuri hutumika tu wakikubaliana wote wawili. Baada ya hapo: sekunde 94. Nimesoma maelezo mengi yanayosifia CSLIP, sikukumbuka kuona hata moja linalotaja mstari huu.

3 Agosti: PPP inakataa, kisha inasema ukweli

Nilichukua faili la mipangilio nililowahi kulitumia na modemu. Makosa mawili yalikuwemo. Kwanza, halikuwa na neno local, kwa hiyo pppd (programu inayoendesha PPP) ilikaa ikingoja ishara ya modemu kwamba simu imepokelewa, na hapa hakuna modemu. Pili, lilikuwa na crtscts, udhibiti wa mtiririko kwa nyaya ambazo sina. Ikawa inaomba ruhusa ya kutuma kwa mtu asiyekuwepo. Nusu saa. Kinachofanya kazi:

pppd /dev/ttyUSB0 115200 192.168.50.1:192.168.50.2 local nocrtscts noauth nodetach

na kibandani hivyo hivyo, anwani zimegeuzwa. Salamu zikapita, ppp0 ikasimama.

Kisha nikatuma faili lile lile na kutazama ip -s link kibandani. Makosa ya kupokea: 31. Nikatuma tena: 44.

Ndipo nikakumbuka kwamba wiki iliyopita, kwenye SLIP, baadhi ya majaribio yalisita sekunde mbili tatu yakaendelea, na mimi niliyarudia mpaka nikapata yaliyonyooka. (Namba za 27 Julai ni hizo zilizonyooka. Nimekiri.) Nilisema moyoni ni kebo, ni ya zamani. SLIP haikuhesabu lolote. Baiti ikipotea, pakiti inafika fupi, IP inaitupa, TCP inarudia, na juu unaona kusita tu.

Kebo haikuwa na kosa. Makosa yote yalikuwa upande wa Pi, na hasa Pi ikiwa inaandika kwenye kadi. /proc/tty/driver/serial ikamaliza ubishi: oe, baiti zilizomwagika kabla hazijachukuliwa, ilikuwa inapanda pamoja na makosa ya PPP.

Pi 3 ina UART (saketi za seriali) mbili. Nzuri, PL011, imepewa Bluetooth. Iliyoachwa kwenye pini za GPIO ni ile ndogo, yenye nafasi ya baiti 8 tu za kusubiria. Kwa 115200 baiti 8 ni kama ms 0.7. Kerneli ikichelewa zaidi ya hapo, zinazofuata zinamwagika, na bila nyaya za kudhibiti mtiririko hakuna wa kumwambia mtumaji asubiri. Bluetooth kwenye kibanda cha pampu ni ya nani? Kwenye /boot/firmware/config.txt:

dtoverlay=disable-bt

Washa upya, na serial0 sasa ni PL011. Faili mara tano mfululizo: makosa 0.

8 Agosti: Nane Nane, siku ya kupima

Sikukuu, mjomba kaenda kwenye maonyesho, kelele hakuna. Nimepima yote upya kwenye UART nzuri, faili lile lile, kila moja mara tatu.

SLIP ya 296: sekunde 112. SLIP ya 1500: 95. CSLIP ya 296 bila mihuri ya muda: 94. PPP ya 1500: 95. PPP ya 296 ikiwa na ukandamizaji wa Van Jacobson (PPP inao pia, hukubaliana wakati wa kupeana anwani) na bila mihuri: 94 na kidogo. Yaani fremu ya PPP pamoja na uhakiki wake wote inakula chini ya sekunde moja kwenye faili zima. Ule uzito wa PPP niliouogopa haupo.

Palipo na gharama ya kweli ni hapa: nilipoweka default-asyncmap, ambayo hulazimisha baiti zote 32 za udhibiti zitumwe kwa kufichwa, baiti mbili badala ya moja, muda ukapanda hadi 107. Mipangilio hiyo ina maana kama katikati kuna kifaa kinachokula baadhi ya baiti. Kama kifaa chako kinatumia XON na XOFF tu (baiti za "endelea" na "simama"), asyncmap a0000 inaficha hizo mbili na kuacha nyingine. Waya wangu haukuli chochote, asyncmap 0.

Ukubwa wa pakiti unausikia zaidi mkononi unapoandika kuliko kwenye saa. Pakiti ya 1500 hukaa kwenye waya ms 130, ya 296 ms 26. Faili likiwa linapita, kuandika ndani ya ssh kwa 1500 ni kama kuongea na mtu aliye usingizini. Nimebaki na 296. Gharama yake ni kwamba IPv6 siipati, maana yenyewe haikubali chini ya 1280. SLIP ya Linux nayo isingenipa IPv6 kwa ukubwa wowote. Kila kinachoingia inakiita IPv4.

17 Agosti: pampu inapiga kelele

Mpaka leo nilipima pampu ikiwa imezimwa. Ndiyo, najua.

Mota ikiwaka, PPP inaandika makosa mawili hadi matano, kisha inatulia. Nikarudi CSLIP makusudi kuona ingefanyaje, na hapa nimeona kitu ambacho sitakisahau. Pakiti moja ikiharibika, zinazofuata zinakuwa mbovu pia, kwa sababu kila kichwa kimeandikwa kama tofauti na kilichotangulia. Mpokeaji anajenga vichwa vya uongo, TCP inavikataa (TcpInCsumErrors inaruka juu), hadi mtumaji achoke kungoja na atume tena kwa kichwa kizima. Kelele ya nusu sekunde inazaa ukimya wa sekunde mbili au tatu. RFC 1144 yenyewe inategemea tabaka la chini ligundue makosa, na SLIP ndilo tabaka lisilogundua. Kwenye PPP fremu ikishindwa uhakiki, kerneli inaiambia sehemu ya ukandamizaji isahau ilichokuwa inakumbuka na isubiri kichwa kinachojieleza. Kusita kupo, lakini kunahesabiwa.

Dawa ya kelele haikuwa itifaki. Sikuwa na waya wa pamoja kati ya pande mbili, na RS-422 inavumilia tofauti ya volti 7 tu kati ya ardhi ya huku na ya kule. Jozi ya tatu nimeifanya waya wa pamoja, kila upande kupitia rezista ya ohm 100. Rezista za ohm 120 kwenye kila ncha ya kupokelea, ambazo niliziruka mwanzoni kwa sababu "inafanya kazi bila hizo", nimeziweka. Vizuia radi pande zote mbili. Pampu imewashwa na kuzimwa mara 20: kosa 1.

25 Agosti: asubuhi hakuna laini

Umeme ulikatika kibandani usiku, ukarudi baada ya saa moja. Nyumbani kuna betri, kompyuta haikuzima. Asubuhi Pi iko hai, ppp0 haipo. Nilikuwa nimeweka persist, nikadhani ina maana ya kudumu. Kuna kaka yake, maxfail, ambaye chaguo-msingi lake ni 10: pppd ikijaribu mara kumi bila kupokelewa, inakata tamaa. Kila jaribio ni salamu kumi za sekunde tatu tatu. Kwa hiyo baada ya dakika chache za giza, nyumbani ilifunga duka ikalala.

Hapa SLIP ingeishinda PPP. Haina kumbukumbu ya kitu, kwa hiyo haina cha kusahau: Pi ikirudi, pakiti zinaanza kupita kana kwamba hapakutokea lolote. Naiandika kwa haki yake.

Nimeongeza pande zote:

persist maxfail 0 lcp-echo-interval 10 lcp-echo-failure 3

Maneno mawili ya mwisho, ya mwangwi, ni muhimu kama ya kwanza. Ndiyo yanayoiwezesha pppd kujua mapema kwamba mwenzake amekufa.  Nimechomoa plagi ya Pi mara nne, mara moja kwa dakika 40. Imerudi yenyewe zote.

14 Septemba: hesabu

RS-485 mbili zilizolala sandukuni 30,000. Kigeuzi cha RS-422 46,000. Bodi ya MAX3490 18,000. Rezista na konekta 6,000. Vizuia radi 14,000. Kisanduku kipya chini ya mwembe 9,000. Nauli ya Dar kwenda na kurudi 44,000. Jumla Sh 167,000. Pi na kompyuta nilikuwa nazo. Ungeanza na RS-422, ondoa 30,000.

PPP, baiti 296, kasi 115200, siku 20 bila kuguswa. Makosa ya kupokea kibandani ni 6, na yote naweza kuyaoanisha na saa ambazo pampu iliwaka. Mjomba ana kitufe kwenye simu yake. Jana usiku nilimsikia barazani akiizima pampu, akaiwasha, akaizima tena. Nikamuuliza, "Shikamoo mjomba, kuna tatizo?" Akasema, "Marahaba mjomba, hakuna. Naangalia tu."

Imebaki kufukia upya mita 12 za kebo pale mwembeni tulipofukua, kabla ya vuli.